Mama wa Dirisha la Eagan

Eagan, 18 Machi 2025

Bwana Zachariah Muriuki,

Hunijui. Ninaitwa Reine Uwamariya, mama ya Bonheur. Mimi ndiye yule mama wa dirishani uliyemwandika katika jarida la ushirika wenu wa Coon Rapids, ukurasa wa sita, kwenye safu yako ya "Simama Ule". Nakala zake zililetwa mpaka kanisani kwetu Saint Paul na kuwekwa mezani karibu na bahasha za sadaka. Niliisoma nikiwa nimesimama, koti bado liko mwilini.

Nanakili maneno yako hapa, usije ukasema sikuelewa:

"Wasomaji mmelalamika kwamba nawapeleka mbali, mara Nebraska, mara Iowa, mara Dakota. Haya, mwezi huu hatutoki mjini. Tamarack Burger wana matawi kumi na moja tu, yote humu Minnesota, na tawi lililo tamu kuliko yote liko Eagan. Agiza jibini ya kukaanga. Wanaikaanga kwa siagi, na ukiitafuna inalia kwenye meno. Lakini siri yenyewe ni hii: kwenye dirisha la magari yuko mama mmoja wa Kongo, anaitwa Reine. Msalimie kwa Kiswahili, atakuongezea mfuko mzima kwa siri, bila kulipa. Mimi hunifanyia hivyo kila mara."

Tangu Jumapili ile magari yalianza kuja. Jambo mama! Jambo, jambo! Wengine hata Kiswahili hawakijui, wamefundishwa hilo neno moja tu. Niliwaambia wote hapana, hapa hakuna cha bure. Bwana mmoja mwenye Toyota ya kijivu alikasirika, akatoa jarida lako, akaligongesha kwenye kioo changu, akataka kumwona meneja. Meneja aliyapitisha maneno yako kwenye simu yake, simu ikamtafsiria. Halafu akanisomea kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: kwa siri. Bila kulipa. Kila mara.

Tarehe kumi na tatu nilirudisha sare. Wamesema nikae nyumbani mpaka ofisi kuu iamue kama mimi ni mwizi. Miaka sita niko pale. Mwezi wa nne walikuwa wanipandishe niwe kiongozi wa shifti.

Sikuandikii ili unihurumie. Mwandikie meneja, umwambie uliyoyaandika si kweli. Kalamu unayo. Umeshaonyesha unavyoweza kuitumia.

Reine Uwamariya

*

Coon Rapids, 27 Machi 2025

Mama Reine,

Bwana asifiwe.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Nimekusifu mbele ya watu mia nne, na shukrani yangu ndiyo hii?

Acha nikueleze mimi ni nani. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za hospitali. Kampuni inanituma kwenye miji midogo ya majimbo matano, kwa hiyo miaka mitano sasa na-drive na kula barabarani. Wakenya wengi hapa hula zile burger ambazo zipo kila kona ya dunia, halafu wanasema Amerika haina chakula. Mimi ndiye niliyewafungua macho. Nilipoandika habari za Runza kule Nebraska, ule mkate uliojazwa nyama ya kusaga na kabichi, familia tatu za ushirika wetu ziliendesha gari saa sita mpaka Omaha, zikarudi zinanishukuru. Nilipoandika habari za Maid-Rite, nyama ya Iowa iliyosambaratika ndani ya mkate, mzee mmoja aliniambia imemkumbusha jikoni kwa mama yake. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunilalamikia.

Mwezi wa tano safu hizi zinatoka kitabu. Ukumbi umeshalipiwa. Sasa unataka niandike kwamba safu moja ni ya uongo? Wakiniuliza nyingine je?

Na samahani nikisema wazi: kama ulikuwa unagawa chakula cha kampuni, hayo ni yako na kampuni. Mimi niliandika nilichokiona.

Ndugu yako katika Kristo,
Zachariah Muriuki

*

Eagan, 2 Aprili 2025

Bwana Zachariah,

Unasema uliandika ulichokiona. Alors, tuangalie.

Jibini inayolia kwenye meno ni ile mbichi, iliyotoka kutengenezwa asubuhi. Ukishaiingiza kwenye mafuta inayeyuka ndani, hailii tena. Mtoto yeyote wa hapa analijua hilo. Na sisi hatukaangi kwa siagi. Tunakaanga kwa mafuta ya soya, nami ndiye ninayeyabadilisha Jumanne na Ijumaa, na mkono wangu una alama za kuungua. Siagi ingeshika moto ikatuunguza sote. Wewe jibini yetu hujawahi kuila.

Na mimi sijawahi kukuona. Waafrika wanaopita dirishani kwangu si wengi hivyo. Ninawajua kwa sauti kabla hawajafika kwenye kioo.

Nitakuambia jambo ambalo nimemwambia meneja, naye hakunisadiki. Kila mfanyakazi anapewa chakula kimoja kwa shifti. Ni chakula chake, akitaka ale, akitaka atupe. Katika miaka sita nimewahi kumpa mtu mmoja nusu ya changu. Mmoja. Ilikuwa mwezi wa kwanza, baridi ya kupasua midomo. Alikuwa binti mwenye nguo za hospitali, Mkenya. Aliagiza chai, na alipofika dirishani alikuwa analia, hawezi hata kutoa kadi. Nilimuuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, nani amekufa?" Akanijibu, "Mgonjwa wangu." Nikapasua chakula changu katikati, nikamwekea jibini na mkate, nikamwambia ale kabla ya kuendesha. Magari yalikuwa nyuma yake, yanapiga honi. Basi.

Hakukuwa na mfuko wa siri, na hakukuwa na mwanamume.

Sasa nijibu swali moja tu. Hiyo habari uliipata wapi?

Reine Uwamariya

*

Coon Rapids, 9 Aprili 2025

Madam Reine,

Sikuandikiwa na polisi mpaka nianze kujibu maswali.

Dirishani kwako wanapita watu mia kwa siku. Utakumbukaje sura ya kila mmoja? Mwandishi naye ana uhuru wake. Akisema inalia kwenye meno, anamfanya msomaji aone utamu, haandiki ripoti ya maabara. Kama hujazoea kusoma maandishi ya aina hii, si kosa langu.

Nakuomba uache kuniandikia kwa anwani ya ushirika. Barua zako zinafunguliwa na katibu kabla hazijanifikia, na watu wameanza kunong'ona. Ukiendelea, nitampigia Mchungaji Twagirayezu wa kanisa lenu, nimwambie ana muumini anayechafua majina ya watu. Tunafahamiana vizuri.

Ukitaka kazi, Eagan imejaa maghala. Wanaajiri kila wiki.

Zachariah Muriuki

*

Saint Paul, 14 Aprili 2025

Ndugu Zachariah,

Ni mimi Chepkemoi, yule wa kwaya, msaidizi wa wauguzi. Nimekupigia mara nne hushiki simu, na ujumbe wangu unausoma halafu unanyamaza. Kwa hiyo naandika, na barua hii mke wako Peris atakukabidhi mkononi. Yeye ameshaisoma.

Unakumbuka Jumapili ya mwisho ya Januari nilitoa ushuhuda. Nilisimulia jinsi yule mzee niliyemhudumia wiki saba alivyofariki nimeshika mkono wake, jinsi nilivyoendesha gari huku nalia mpaka nikapotea njia, na jinsi mama mmoja wa Kongo kwenye dirisha la Tamarack alivyonigawia chakula chake mwenyewe. Wewe ulikuwa umeketi safu ya pili. Uliniuliza baada ya ibada jina lake lilikuwa nani, na tawi lipi. Nilifurahi. Nilidhani unataka kwenda kumshukuru.

Nilipoona jarida la Machi nilishangaa. Mimi sikuwamo. Kifo hakikuwamo. Alikuwamo Zachariah tu, na mfuko wa bure. Nilinyamaza, nikajiambia labda naye alikwenda, labda naye alipewa. Kunyamaza huko ni kosa langu na nimeshamwomba msamaha mwenye kuombwa.

Jumamosi nilienda Tamarack na maua. Wakaniambia hayupo, ameondolewa. Nilipewa namba yake na mfanyakazi mwenzake. Nimekaa kwake saa tatu, na barua zako zote mbili nimezisoma. Ndugu, ile ya pili uliiandika ukiwa umekunywa nini?

Nimeongea na meneja. Nimemwambia yule binti ni mimi, na siku ilikuwa tarehe 23 Januari. Siwezi kuisahau. Amesema kamera za dukani zinatunza picha siku tisini, kisha zinajifuta. Kwa hiyo tarehe 23 mwezi huu ushahidi wa Mama Reine unafutika. Ila hata mimi nikisema, ofisi kuu wanaonyesha jarida lako: hapa kuna mwanamume, na anasema kila mara. Wanaona mimi ni rafiki niliyekuja kumtetea. Hawatafungua picha mpaka huyo mwanamume aje aseme hakuwahi kuwepo.

Zimebaki siku tisa. Uende.

Chepkemoi

*

Coon Rapids, 16 Aprili 2025

Dada Chepkemoi,

Kumpa mke wangu barua ya namna hii hukufanya vizuri. Nyumbani hakukaliki.

Sikatai kwamba nilisikia kwako. Waandishi wote huokota hadithi. Nilikusudia kumfanya yule mama ajulikane, na kama ningesimulia habari za mgonjwa kufa, nani angetaka kwenda kula? Safu yangu ni ya chakula.

Fikiria pia upande wangu. Kitabu kiko kwa mpiga chapa. Kwenye dibaji nimeandika kwamba kila mlo uliomo nimeula mwenyewe. Nikienda kwa huyo meneja, wiki hiyohiyo mji mzima utajua. Nakuomba tusubiri uzinduzi upite, tarehe 10 Mei. Baada ya hapo nitamtafutia Mama Reine kazi mimi mwenyewe. Nina watu hospitalini, kuna nafasi za usafi.

Tuongee kama watu wa familia moja.

Zachariah

*

Saint Paul, 17 Aprili 2025

Ndugu Zachariah,

Tarehe 10 Mei picha zitakuwa zimeshafutika. Unajua hivyo, ndiyo maana umeitaja.

Jumapili hii ni Pasaka. Wakati wa ushuhuda nitasimama, na nitasoma barua yako ya jana neno kwa neno, pamoja na hizo nafasi za usafi. Ukitaka kusimama kabla yangu, mimi huwa nakaa nyuma na watu wa sauti ya pili. Ninachelewa kufika mbele.

Chepkemoi

*

Coon Rapids, 6 Mei 2025

Mama Reine,

Nimesikia umeitwa na ofisi kuu, kwa hiyo matokeo unayajua. Nataka na wewe ujue gharama yake.

Siku ya Pasaka nilisimama. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wamevaa nyeupe, wageni mpaka kwenye ngazi. Nikasema, "Chakula nilichoandika mwezi wa Machi sikukila." Wakacheka. Walidhani ni mzaha wa kufungulia ushuhuda. Nikarudia. Mzee Zadock, aliyenipa ile safu miaka mitano iliyopita, akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Na Nebraska je?" Nikamwambia Nebraska nilikwenda, Iowa nilikwenda, kote nilikwenda isipokuwa Eagan. Nilikuwa nasema kweli, na niliona wazi kwamba hakuna anayeniamini.

Jumatatu nikaenda Tamarack, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Meneja wenu alinisikiliza amesimama, hakunipa kiti. Aliniuliza kwa nini mtu aandike hivyo kuhusu mtu asiyemjua. Nilimwambia tarehe ya kupeleka safu ilikuwa imefika, theluji ilikuwa inaanguka, sikutaka kutoka nyumbani, na nilikuwa na hadithi ya mtu mwingine mfukoni. Alinitazama kama unavyotazama kitu kilichomwagika sakafuni. Kisha akaniambia niandike hayohayo na kutia sahihi. Nilitia. Jumanne wakafungua kamera.

Kitabu kimesimama. Mpiga chapa amerudisha maandishi. Mzee Zadock amempa safu mtu mwingine, anayeandika kuhusu bustani. Miaka mitano ya barabara, Mama Reine. Niliwahi kulala garini North Dakota barafu imefunika vioo, ili tu niwaambie watu wangu pale kuna supu ya viazi inayofaa kusimamisha gari. Hakuna atakayesoma tena.

Nafikiri ungeweza kunipigia simu kwanza, tukayamaliza kimya kimya. Ulichagua kuniandikia kama hakimu. Peris anasema sina haki ya kulalamika. Labda. Lakini nimelipa, na ningependa ukiri kwamba nimelipa.

Nimekuomba radhi mbele ya ushirika. Jina lako nimeliweka kwenye orodha ya maombi ya kila Jumatano.

Zachariah Muriuki

*

Eagan, 19 Mei 2025

Bwana Zachariah,

Barua yako imefika. Sikutaka kujibu, lakini kuna mambo manne na sitaki ubaki ukidhani kwamba hayapo.

La kwanza, ile theluji. Unasema ilikuwa inaanguka na hukutaka kutoka. Mimi sina gari. Katika theluji hiyohiyo nilitembea kwa miguu dakika thelathini na tano kwenda kazini, na thelathini na tano kurudi, pembeni ya barabara isiyo na njia ya miguu. Wewe ulikuwa ndani, unaandika kwamba ninaiba.

La pili, simu. Nilikupigia. Namba iko chini ya safu yako. Tarehe kumi na tano Machi, saa nane mchana. Nilisema jina langu, ukasema uko kwenye mkutano, ukakata. Uliza simu yako.

La tatu, kulipa. Ofisi kuu wameniomba radhi kwa barua yenye nembo, na nimerudi dirishani tangu tarehe tano. Uongozi wa shifti hawakuweza kuusubirisha, wamempa Uwase. Nilimfundisha mwenyewe mwaka jana jinsi ya kushika kikapu cha mafuta bila kuungua. Ni mtoto mzuri, na kila anaponiambia nifute meza anaangalia chini. Anaona haya, na mimi naona haya kwa sababu yake. Hilo nani amelilipa? Bonheur aliniuliza, kwa Kiingereza, maana siku hizi ananijibu kwa Kiingereza tu, kama ni kweli nilichukua vitu. Ana miaka kumi na sita. Nilimwambia hapana, akasema okay. Sikuijua hiyo okay ilikuwa na maana gani. Mpaka leo siijui.

La nne ndilo zito. Walinionyesha ile picha ya kamera. Nilijiona kwa nyuma, sikujua mgongo wangu umeinama hivyo. Niliuona mkono wangu unapasua mkate, unasukuma nusu dirishani. Halafu nikaona kitu nilichokuwa nimekisahau: nilibaki nimeushika mkono wa yule binti kwa muda mrefu, gari moja, la pili, la tatu, yote yanangoja. Meneja alitazama saa ya kwenye picha, akanitazama mimi. Kilikuwa kitu cha watu wawili, Bwana Zachariah. Hakikuwa na bei, na mtu hakipati kwa kusema "Jambo mama". Wewe ulikisikia kanisani, ukamtoa yule binti, ukamtoa yule mzee aliyekufa, ukaketi mwenyewe mahali pao, ukaomba mfuko wa bure. Kazi wamenirudishia. Hicho nakikasirikia bado, na sijui nitaacha lini.

Hukuniomba radhi mimi. Uliuomba ushirika. Mimi sikuwepo Coon Rapids siku ile, nilikuwa kwetu Saint Paul naimba. Na jina langu litoe kwenye orodha ya Jumatano. Umeshalitumia vya kutosha.

Ile supu ya viazi ya North Dakota naamini uliila. Andika ulichokila, au usiandike. Kwangu usiandike tena.

Chepkemoi amekuja kunitembelea, yuko mezani hapa anamenya karoti. Ananiambia si vizuri kufunga barua namna hii, nimalizie na "Mungu akubariki". Nimemwambia kalamu hii hapa, aandike yeye kama anataka. Ameitazama, amerudi kwenye karoti zake.

Reine Uwamariya